Upinde Uliovusha Waya

Vijana mnaotundika nyaya siku hizi, nawaona. Mnapita hapa kwangu Kijichi na magari yenye ngazi inayojirefusha yenyewe, mnapanda mkiwa mmesimama tu, mnashuka hivyo hivyo, na kofia ngumu kichwani. Sisemi hayo kwa kijicho. Namshukuru Mungu kwamba nimeishi nikaiona kazi yetu ikifanywa bila watu kuvunjika. Lakini juzi mmoja wenu aliingia kuomba maji ya kunywa, akaona upinde umetundikwa ukutani, akaniuliza kama zamani nilikuwa mwindaji. Nikamwambia, la, mwanangu, nilikuwa fundi wa simu kama wewe, na huo ndio ulikuwa ngazi yangu. Akacheka, akadhani mzee ana utani. Nimeona afadhali niandike, maana kazi ile tuliijua watu wawili tu, na mwenzangu ametangulia mbele ya haki.

Upinde huo niliukuta kwenye stoo ya karakana yetu Kurasini, ndani ya mfuko wa turubai, nyuma ya magurudumu ya kuzungushia waya. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wa pale aliuacha alipoondoka baada ya Uhuru. Mtunza stoo alikuwa ameuandikia kikaratasi: fimbo ya kuvulia samaki. Msimlaumu. Haukufanana na pinde tulizozijua. Kishikio chake kilikuwa cha mti mweusi ulionakshiwa vizuri, mikono yake miwili ilikuwa ya mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na ncha zake zilijikunja kwenda mbele, kama ncha za viatu vya sultani. Bila kamba, kilikuwa kitu kisichoeleweka, kinapinda huku na kule.

Mtauliza fundi wa waya alitafuta nini stoo. Nilikuwa nafagia.

Miezi kadhaa kabla ya hapo nilianguka na nguzo, Mtoni. Nguzo ile ilikuwa imeliwa na mchwa chini ya ardhi, juu inang'aa kama mpya. Nilipofika kileleni ikalala nami polepole, nikapata hata nafasi ya kutoa shahada. Nilitoka hospitali nikiwa hai, alhamdulillah, lakini nyonga yangu ya kulia haikurudi kama ilivyokuwa, na mguu ukawa mfupi kidogo. Somo la kwanza ninalowapa ni hilo: nguzo huchimbuliwa chini kidogo na kugongwa kabla ya kupandwa. Uzuri wake wa juu si habari.

Msimamizi wetu, Ndugu Lameck, alikuwa mtu wa Upare, Mlutheri asiyekunywa wala kutukana. Alinipa ufagio kwa huruma yake. Asubuhi moja alinijia akiwa na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Bwana Issa, nimekutetea mpaka nimechoka. Wakubwa wanasema kikosi cha waya si mahali pa kufagia. Unaweza kupanda?"

"Siwezi, ndugu."

"Kuchimba mashimo?"

"Kuinama naweza. Kuinuka ndiyo kazi."

Akashusha pumzi. "Laini inaelekea ng'ambo ya mto Kizinga, kwenye kile kijiji kipya cha ujamaa. Zahanati yao imekwisha jengwa, inangoja simu. Tukifika mtoni, orodha ya kikosi inafungwa. Nipe sababu ya kuandika jina lako."

Nilikuwa na mke na watoto watatu katika vyumba viwili pale Temeke. Nyumbani Lindi niliacha mikorosho ya marehemu baba, na mikorosho nayo inataka mtu mwenye miguu. Sababu sikuwa nayo. Nilirudi stoo nikafagia, na siku hiyo ndiyo niliyoufungua mfuko wa turubai.

Sasa lazima niwaeleze tabu ya mikoko. Waya ukivuka mto, lazima upite juu ya vilele vya miti. Ukiuvusha kwa mtumbwi, unabaki chini ya matawi, umefumwa kama utepe katika nywele. Kwa hiyo mtu alipanda kila mti na kumpa kamba mwenzake wa mti wa pili, mikono kwa mikono, na chini kuna tope linalomeza mtu mpaka kiunoni. Katika mto mwingine kabla ya ule, wenzetu walimaliza siku nne, na mmoja alivutwa topeni kwa kamba kama ng'ombe. Nilipouona ule upinde nilijiambia: mshale hauogopi tope. Ukibeba uzi, uzi utabeba kamba, na kamba itabeba waya.

Katika kikosi tulikuwa na Petro, Msandawe kutoka Kondoa, mchimba mashimo, mdogo wangu kwa miaka kama sita. Kwao watoto huanza kushika upinde kabla ya kushika jembe. Nilimwita nyuma ya karakana.

"Shikamoo, kaka Issa. Hiki nini?"

"Upinde."

"Huu umekufa. Angalia, umegeuka mgongo." Akatema mate pembeni. "Lakini usijali. Mimi upinde naujua kuliko ninavyoujua mguu wangu."

Akaukunja kufuata mkunjo wake, akauvika kamba. Ukatoa sauti ya kitanda kibovu. Akaweka mshale wa tete, akavuta, akaachia. Mshale ukaenda hatua nane ukaketi chini kama mzee aliyechoka. Wachimbaji wenzake walikuwa wanatuchungulia ukutani.

"Petro! Huyo ndege umempiga kwa aibu?"

"Mtumeni akamwokote mwenyewe!"

Petro alinuna mchana kutwa. Mie nikaketi na ule upinde nikiupapasa. Fundi wa waya husoma mikwaruzo: waya ukisugua mahali kwa muda, huacha alama yake. Karibu na kila ncha, upande ule ambao Petro aliugeuza nje, niliona mfuo mwembamba uliosuguliwa na kamba. Maana yake kamba ililala pale miaka mingi. Nikamwita tena.

"Petro, tumeuvisha kinyume. Haukunjwi kule unakopinda. Unakunjwa kinyume chake, unalazimishwa."

"Utavunjika."

"Ukivunjika si wako wala wangu."

Tulihitaji nguvu za watu wawili, yeye akikunja kwa goti, mimi nikivisha kamba. Ncha zikasimama zimejikunja mbele, kamba imelala ndani ya mifuo ile kama mtoto mgongoni. Petro akavuta nusu tu, akaachia. Mshale ukapita juu ya gunia la makumbi ya nazi tulilolisimamisha, ukapita juu ya ukuta, ukapita juu ya ghala la jirani. Hatukuuona tena mpaka leo.

"Mama yangu," Petro akasema taratibu. "Kaka, huyu ni mnyama mwingine."

Hivyo kosa letu la kwanza lilikuwa la mtu anayejua sana, na lililolitengua ni jicho la mtu asiyejua upinde ila anajua waya. Mkiwa kazini msione haya kumwonyesha kitu mtu wa ufundi mwingine.

Kosa la pili lilikuwa langu, na lilinichukua mwezi mzima. Ninyi mnajua tunavyopima unyofu wa nguzo: unasimama nyuma yake, unafumba jicho la kushoto, unatazama mstari. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa. Basi kila nilipovuta upinde, jicho la kushoto lilijifumba lenyewe, nami naukagua mshale kama nguzo. Unapita kushoto. Naukagua zaidi. Unapita kushoto zaidi.

"Fumbua jicho, kaka."

"Nimefumbua."

"Umefumbua mdomo. Jicho limefumba."

Petro alikuwa mwalimu mbaya, Mungu amrehemu, kwa kuwa hakukumbuka alivyojifunza. Ukimuuliza analengaje, anakwambia halengi. Ukimuuliza basi anafanyaje, anasema anatazama. Ukimuuliza anatazama nini, anaonyesha kidole: "Pale." Mie nilitaka kipimo, namba, alama ya kuweka kwenye mti wa upinde. Nikachora hata mstari wa chaki. Petro akaufuta kwa mate.

Mambo ya mwili alinifundisha vizuri, nayo nawaandikia. Vidole vitatu kwenye kamba, kimoja juu ya mshale, viwili chini. Kiwiko cha mkono unaoshika upinde kigeuzwe nje, la sivyo kamba itakuchapa. Mkono wangu ulivimba rangi ya zambarau, na mke wangu Mwanahawa aliniuliza nimepigana na nani katika umri huu. Kila unapovuta, mkono ufike mahali pamoja usoni, pasipobadilika hata kidogo. Mie nilichagua kona ya taya, ndevu zinapoanzia. Ukifika hapo, usikae ukisubiri uhakika. Uhakika hauji, mkono unaanza kutetemeka tu.

Lakini macho! Nililipata hilo mahali ambapo sikulitafuta. Tulipokuwa chuoni Lindi tukisoma Kurani, maalimu wetu alitufundisha kwamba katika sala jicho hukaa mahali pa kusujudu. Si huku, si kule, wala hukagui vidole vyako. Aliyetembeza macho alionja fimbo ya upongoo wa mnazi. Basi adhuhuri moja, chini ya banda la karakana, nimesimama katika sala, macho yametulia pale mbele ya mkeka, yote mawili, na mikono inafanya yake bila kuamrishwa. Ikanijia, Mungu anisamehe, katika rakaa ya tatu: si ndivyo Petro anavyotazama?

Nilipotoa salamu nilikwenda moja kwa moja kwenye upinde. Kwenye gunia palikuwa na doa dogo la lami. Nikaliwekea macho mawili kama mahali pa sijda. Mshale sikuutazama kabisa. Mkono ukafika kwenye taya, ukaachia wenyewe. Mshale ukaingia ubavuni mwa doa. Wa pili ukausukuma wa kwanza.

Petro akaja mbio na koleo mkononi. "Nyie Waislamu mnasali huku mnalenga?"

"Silengi. Natazama."

"Si ndicho ninachokwambia mwezi mzima!"

Tukakumbatiana pale, yeye ananuka udongo na mimi ninanuka jasho.

Niruke mbele kidogo niwape kisa cha Kiwalani, kwa sababu kina funzo la adabu. Hiyo ni baadaye, nilipokwisha zoea. Tulikuwa tunapitisha laini juu ya minazi, mshale ukapita vizuri, lakini uzi ukaanguka juu ya paa la makuti la mama mmoja. Alikuwa anasuka nywele uani. Akaona uzi mweupe unashuka kwenye paa lake, akaufuata kwa macho, ukamfikisha kwa wanaume watatu wamesimama kimya, mmoja mchechemeaji, ana upinde na midomo inanong'ona. Nilikuwa nasema bismillahi.

"Jamani njooni! Nimerogwa mchana kweupe!"

Mtaa mzima ulitoka. Ilibidi mjumbe aje, nasi tule kiapo kwamba ule ni uzi wa simu. Tangu hapo sikurusha mshale mahali penye watu kabla ya kupiga hodi nyumba kwa nyumba na kuamkia wakubwa. Ninyi pia, kabla hamjakata tawi la mwembe wa mtu, pigeni hodi.

Turudi. Nilijua kutazama, lakini uzi ulikuwa haujui kwenda. Nilitumia uzi wa kushonea nyavu, mwepesi na mgumu. Ulifungwa nyuma ya mshale, ukapitishwa mbele ya upinde ili usinikate vidole, na kichwa cha mshale kilikuwa kipande cha mpira wa tairi, usije ukamdhuru kiumbe. Nikiuzungusha uzi chini, mshale unaondoka, unafika hatua ishirini, uzi unajifunga fundo, mshale unarudi kama mbwa aliyefungwa. Wiki mbili hivyo. Na nguzo zilikuwa zinakaribia Kizinga, nazihesabu kila jioni.

Nilikwenda nyumbani na tonge zima la uzi uliotatana. Mwanahawa alikuwa anasuka ukili, ile mikanda mirefu ya miyaa ya kushonea mikeka. Akautazama uzi wangu, akanitazama mimi.

"Nani amezungusha hivi?"

"Mie."

"Wanaume bwana! Unazungusha kama unamfunga mbuzi? Kitu kirefu hakizungushwi, kinalazwa. Nenda, rudi, nenda, rudi. Tabaka hili likae hivi, la juu likate hivi. Unadhani ukili wangu pima arobaini unatatana?"

Akachukua ungo, akaulaza uzi wote ndani yake, nenda rudi, mapindo yake mafupi kama mistari ya kitabu. Nikashika ncha nikakimbia uani, yaani nilichechemea kwa haraka. Uzi ukatoka ungoni laini, bila kugusa uzi mwingine.

"Mama Salma, naomba ungo huu."

"Uende wapi?"

"Kwenye simu."

"Na mchele wangu nitaupepetea wapi, kwenye redio?"

Lakini aliutoa. Asubuhi nilimkuta ameufungia kanga kwa juu, upepo usiuchezee uzi.

Tulifika Kizinga asubuhi, maji yamekupwa. Mikoko imesimama pande zote mbili, na kutoka kwenye nguzo yetu ya mwisho mpaka mahali pa wazi ng'ambo palikuwa hatua kama sabini. Petro alivuka kwa mtumbwi, akasimama kule na wanakijiji na mganga wa zahanati yao. Wapandaji wetu walikuwa wamekunja suruali, wanangoja nishindwe ili waanze kazi. Siwasemi kwa ubaya. Wawili walikuwa wameniambia wataniombea.

Ndugu Lameck alikuwa na orodha mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimempa sababu yake, naye akaikubali kwa sharti moja: uzi uvuke. Nilikuwa na mishale miwili tu yenye kichwa cha mpira, mingine ilikwisha vunjika.

Nikaweka ungo chini mbele yangu. Ng'ambo, juu ya kichwa cha Petro kidogo, kulikuwa na mnazi mmoja wenye kuti kavu lililoning'inia. Nikaliwekea macho. Bismillahi. Mkono kwenye taya.

Nawaambia ukweli, mshale ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kurusha. Uliruka juu ya mikoko kama haujabeba kitu. Na kweli haukubeba kitu. Nilisikia mlio mdogo, tap, chini karibu nami. Mshale ukaanguka ng'ambo peke yake, na Petro akauokota, akaupunga juu, hauna uzi.

Kila mtu akatazama chini. Uzi uliokuwa umetoka kidogo nje ya ungo ulikuwa umekanyagwa na kiatu, kiatu kikubwa cheusi, kilichopigwa rangi.

"Ni mimi?" akauliza Ndugu Lameck.

Wapandaji wakageukia mto. Huyu ndiye mwenye orodha.

"Ni wewe, ndugu," nikasema. "Naomba utoe mguu."

Alitoa mguu. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyote viwili, akavivua, akarudi nyuma hatua kumi peku katika tope, na kuwaambia wengine, "Na ninyi. Hakuna mwenye viatu karibu na ungo wa mtu huyu."

Ikabidi niulaze uzi upya. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yanaingia kwenye matundu ya kaa, na ungo ukilowa uzi unakuwa mzito. Mikono yangu ilitaka kuharakisha. Nikailazimisha ifuate Mwanahawa: nenda, rudi, nenda, rudi. Mpandaji mmoja alivua shati akaliweka chini ya ungo bila kuambiwa. Nilipomaliza, maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Mshale mmoja. Sikuomba uende. Niliomba tu nisiutazame.

Kuti kavu. Macho mawili. Taya. Uzi ulitoka ungoni ukiimba, pindo kwa pindo, nikaona ungo unakuwa mtupu, na nikaogopa kuinua macho, mpaka nikasikia sauti ya Petro ng'ambo, kali kama ya mtu aliyeona moto.

"Ninao! Ninao, kaka! Ninao!"

Wanawake wa kijiji wakapiga vigelegele. Petro akavuta uzi, uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta kamba nene, na kabla ya alasiri waya wa simu ulikuwa umekaa juu ya mikoko ya Kizinga, hakuna tawi lililokatwa, hakuna mtu aliyezama. Kazi ya siku nne. Wapandaji walinibeba mabegani wakaniweka kwenye mtumbwi, wakasema fundi hakanyagi tope.

Ng'ambo, mbele ya zahanati, Ndugu Lameck alitoa orodha. Akasoma majina, na mbele ya kila jina kazi yake: mpandaji, mpandaji, mchimbaji. Alipofika kwangu aliitazama karatasi tena.

"Bwana Issa, kazi yako haimo humu. Niandike nini?"

"Mrushaji!" Petro akapaza sauti.

"Mrushaji si kazi." Akatoa kalamu, akaandika polepole, kisha akasoma kwa sauti ili kikosi kizima kisikie: "Issa, fundi wa kuvusha."

Nikasema alhamdulillah. Na Ndugu Lameck, Mlutheri yule, bado hana viatu, akaitika, "Amina."